Habari ya Fedha za Serikali za Kuwasomesha Vijana Wetu

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa Chama. Yachapwa hapa kwa maombi ya wanachama wasiopata nafasi ya kuhudhuria.)



Halmashauri ilitupa kazi ya kusema mbele yenu juu ya fedha ambazo Serikali huzitoa ili vijana wapate kusoma katika vyuo vya juu. Tulipopewa kazi hii tuliiona nyepesi, maana kila mmoja wetu ana mtoto, au mpwa, au jirani aliyepata kuziomba fedha hizo, wala hakuna asiyekuwa na neno la kusema. Lakini tulipokaa watu watatu ili tuandike, tuliona ya kuwa hata sisi, tulioajiriwa kushika kalamu, hatuyatumii maneno kwa maana moja. Mmoja wetu alisema "msaada", wa pili akasema "mkopo", wa tatu akasema "ruzuku"; na wote watatu tulikuwa tukisema habari ya kijana mmoja na fedha zile zile. Basi twaomba mtuwie radhi tukianza na jambo hili la maneno, kwa kuwa limekwisha kuwaumiza watu, na baadhi yao wamo humu ukumbini.

Ruzuku ni fedha ambayo Serikali huitoa wala haidai irudi. Mkopo ni fedha itakayorudi, hata kama mkopeshaji ni mpole na muda wake ni mrefu. Jambo hili ni rahisi hivyo, na mtoto mdogo hulielewa. Lakini katika nchi yetu ruzuku imepata kugeuka kuwa mkopo, na wenye kuipokea hawakutambua siku ilipogeuka.

Wazee walioanzisha hapa Tanga chama cha watumishi Waafrika wa Serikali mwaka 1922, akiwamo Martin Kayamba, hawakuwa na chuo kikuu cha kupelekea watoto wao katika nchi hii. Aliyetaka elimu ya juu alikwenda Makerere, Uganda, na waliokwenda walikuwa wachache. Mwalimu Julius Nyerere aliingia Makerere mwaka 1943, na mwaka 1949 akaenda Edinburgh kwa udhamini wa Serikali. Hapana mshahara wa mwalimu wa Tabora wa siku zile ambao ungeweza kumfikisha Scotland. Twalitaja jambo hili kwa sababu husemwa mara nyingi ati watu wa zamani walisoma kwa juhudi yao wenyewe. Juhudi ilikuwapo, lakini nauli ililipwa na mtu mwingine.

Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwezi wa Oktoba 1961, na katika miaka iliyofuata baada ya Uhuru, Serikali ilichukua juu yake gharama za wanafunzi wetu: mafunzo, chakula, malazi na vitabu. Hiyo ndiyo ruzuku ambayo wazee wetu wastaafu huikumbuka kwa furaha. Hata hivyo haikuwa bure kama wanavyosimulia. Mwanafunzi aliyesaidiwa alifungwa kwa mapatano ya kuitumikia Serikali miaka 5, na kuanzia mwaka 1966 aliamriwa pia kuingia Jeshi la Kujenga Taifa, na katika sehemu ya utumishi huo alipwe 40 kwa 100 tu ya mshahara wake. Wanafunzi waliandamana tarehe 22 Oktoba 1966 kulipinga jambo hilo, na Rais akawarudisha makwao karibu 400; naye akaukata mshahara wake mwenyewe kwa 20 kwa 100. Kisha likaja Azimio la Musoma la mwaka 1974, ambalo lilimtaka kijana afanye kazi kwanza, apate sifa kwa wakubwa wake wa kazi, ndipo aingie chuoni. Wako wazee wetu waliosoma kwa njia hiyo, nao hutuambia ya kuwa waliingia darasani wakiwa na wake na watoto, na mitihani waliifanya kwa adabu ya mtu anayejua bei ya unga.

Basi katika siku zile kijana alilipa kwa miaka yake badala ya fedha. Alijua analipa, maana alitia sahihi mapatano, na mapatano yalisema wazi.

Mambo yalibadilika mwaka 1992, Serikali ilipoanza kutekeleza mpango wa kuchangia gharama. Kwanza mzazi aliombwa nauli na ada ndogo ndogo. Baadaye, kuanzia mwezi wa Julai 1994, fedha ya chakula na malazi iliyokuwa ruzuku ikawa mkopo. Sisi wa rika lile twaikumbuka siku ya kutia sahihi. Tulipangwa mstari mrefu, jua likiwaka, na mwisho wa mstari ilikuwako meza, na juu ya meza karatasi. Na nyuma ya meza, kwa mawazo yetu, lilikuwako sahani la wali. Nani angesoma karatasi? Tulitia sahihi tukaenda kula. Miaka ikapita, tukaajiriwa, tukaoa na kuolewa, na siku moja tukaona katika hati ya mshahara kato tusilolijua. Palikuwa na kelele nyingi maofisini. Watu walisema wameonewa, wakasema ile ilikuwa sadaka ya Serikali kwa watoto wake. Mwenzetu mmoja, mtu mwenye tabia ya kuhifadhi kila karatasi, alikwenda nyumbani akafungua sanduku la bati, akaitoa nakala yake. Neno "mkopo" lilikuwamo, limepigwa chapa vizuri, katika mstari wa nne.

Hatusemi haya ili kumtetea mtu. Twasema ya kuwa makosa yalikuwa pande mbili: upande mmoja hapana aliyesimama mbele ya mstari ule akasema kwa sauti, "Vijana, fedha hii mtairudisha", na upande wa pili sisi, tuliokuwa tukijiita wasomi, hatukusoma.

Sasa twende kwenye hali ilivyo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwezi wa Julai 2005, nayo ndiyo iliyopewa pia kazi ya kukusanya madeni yote tangu Julai 1994. Mwaka 2016 Bunge liliirekebisha sheria, na kato la aliyekopa likapanda kutoka 8 kwa 100 ya mshahara wa msingi hadi 15 kwa 100. Mwajiri ampatapo mwenye shahada amepewa siku 28 za kuiarifu Bodi. Wanachama walio katika ofisi za utumishi na wanaotayarisha mishahara wanalijua hili kuliko sisi.

Ilikuwapo pia tozo ya 6 kwa 100 kila mwaka, iliyoitwa ya kulinda thamani ya mkopo, na adhabu ya 10 kwa 100 kwa aliyechelewa. Tuliwahi kuipiga hesabu hii kwa mfano wa kubuni tu. Tuseme mtu anadaiwa shilingi 8,000,000 na mshahara wake ni shilingi 700,000. Kwa kato la 8 kwa 100 angelipa shilingi 56,000 kila mwezi, yaani shilingi 672,000 kwa mwaka. Lakini tozo ya mwaka ule ingekuwa shilingi 480,000. Basi katika mwaka mzima wa kukatwa, deni lingepungua kwa shilingi 192,000 tu. Ndiyo maana palikuwa na watu waliokatwa miaka na miaka, na kila wakiuliza salio waliona mlima ule ule. Siku ya Wafanyakazi ya mwaka 2021, mjini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuiondoa tozo ile, na adhabu ya 10 kwa 100 nayo ikafuata. Kwa mtu wetu wa mfano, kato la 15 kwa 100 ni shilingi 105,000 kwa mwezi. Ni kubwa, lauma, lakini deni la shilingi 8,000,000 laweza kwisha kwa miaka 6 na miezi michache. Deni lenye mwisho ni jambo ambalo mtu aweza kupanga maisha yake kulizunguka. Hatujui kama yupo mbunge aliyeipiga hesabu yetu kabla ya tozo kuwekwa. Tungependa kudhani yupo.

Je, ruzuku ya kweli haipo tena? Ipo, lakini kwa wachache. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 Serikali imekuwa na ufadhili uitwao Samia Skolashipu, utolewao kwa waliofaulu sana masomo ya sayansi katika mtihani wa kidato cha sita. Huo ni ruzuku, haurudishwi. Twausifu. Lakini wanachama wataona ya kuwa ruzuku ya namna hiyo humtafuta hodari kwanza. Kijana mwenye akili ya kadiri, mtoto wa mjane, ambaye angekuwa mwalimu mzuri au bwana shamba wa kutegemewa, yeye hubaki katika mkopo; na akikosa mkopo hubaki nyumbani.

Mmoja wetu aliuliza kama iko nchi ambayo ruzuku humtafuta maskini kwanza. Tuliangalia habari za Marekani. Huko, tangu sheria ya mwaka 1972, serikali kuu hutoa fedha kwa mwanafunzi kwa kupima uhitaji wa nyumba yao, wala haidai irudishwe. Tangu mwaka 1980 yaitwa ruzuku ya Pell, kwa jina la Claiborne Pell, seneta aliyeipigania. Kiasi cha juu kwa mwaka wa masomo 2024/25 kilikuwa dola 7,395. Katikati ya miaka ya 1970 kiasi cha juu cha ruzuku hii kilitosha kulipa zaidi ya robo tatu ya gharama za mwaka katika chuo cha umma cha miaka minne. Siku hizi hakifiki mbali zaidi ya thuluthi moja. Ruzuku haikupunguzwa kwa hesabu ya dola. Vyuo ndivyo vilivyopandisha bei, na Bunge lao halikwenda kwa mwendo ule ule. Basi hata aliye na ruzuku huko hukopa juu yake.

Lakini kilichotushtua zaidi ni habari ya fomu. Anayetaka ruzuku ile hujaza fomu moja, ambayo kwa kawaida hufunguliwa tarehe 1 Oktoba. Fomu ya mwaka wa masomo 2024/25 ilitengenezwa upya ili iwe rahisi. Ikachelewa hadi tarehe 30 Desemba 2023, na ilipotoka ilikuwa na kasoro nyingi, hata vyuo vikachelewa kuwajulisha vijana watasaidiwa kwa kiasi gani. Nchi tajiri kama ile, fedha ipo, sheria ipo, kijana yupo. Na karatasi ikasimama katikati.

Hapa ndipo, mabwana na mabibi, tulipojiona sisi wenyewe. Maana kwetu pia fedha ya Serikali humfikia kijana kwa njia ya karatasi, na karatasi hizo hupita mikononi mwa watu kama sisi. Fikirini ni mikono mingapi. Kijana huomba kwa mtandao, kisha huipiga chapa fomu yake. Cheti chake cha kuzaliwa sharti kihakikiwe na RITA. Kama amefiwa na mzazi, cheti cha kifo nacho kihakikiwe vile vile. Kama nyumba yao imo katika kaya zinazosaidiwa na TASAF, aonyeshe namba. Mdhamini atie sahihi. Mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji atie sahihi na muhuri. Wakili au kamishna wa viapo atie sahihi na muhuri. Ndipo karatasi zote zirudishwe katika mtandao kabla dirisha halijafungwa, nalo hukaa wazi kwa muda mfupi tu katikati ya mwaka. Ukikosekana muhuri mmoja, au ukaja hafifu usisomeke, ombi lina upungufu.

Tutasimulia habari ya nyumba moja. Hatutaji jina wala ofisi. Baba alikuwa mwenzetu katika utumishi, akafariki binti yake akiwa kidato cha tatu. Binti akasoma, akafaulu kidato cha sita, akapata nafasi chuoni. Katika cheti chake cha kuzaliwa jina la baba liliandikwa kwa herufi i mwishoni. Katika cheti cha kifo herufi ile haikuandikwa. Ni herufi moja tu. Kwa mashine hao walikuwa watu wawili, na binti hakuhesabiwa kuwa amefiwa na baba. Akapangiwa fedha ndogo kuliko haki yake. Mama yake, ambaye huuza maandazi asubuhi na samaki jioni, alikata rufaa, lakini rufaa ilitaka cheti kilichosahihishwa, na usahihisho ulitaka hati ya kiapo, na kiapo kilitaka nauli, na kila ofisi ilimwambia aje kesho. Nusu ya kwanza ya mwaka ililipwa kwa kiwanja ambacho baba alikuwa amekinunua ili ajenge. Nusu ya pili haikulipwa. Binti alirudi nyumbani, akakaa mwaka mmoja akimsaidia mama kukanda unga, ndipo karatasi zikanyooka akaanza upya.

Karani aliyekiandika cheti kile cha kifo yumo miongoni mwetu. Ametupa ruhusa kusema hivyo, na ametwambia ya kuwa siku ile aliandika vyeti vingi, ilikuwa Ijumaa, naye alikuwa na haraka. Alimfahamu marehemu. Walikula naye. Alijua jina lake huandikwaje.

Tena liko jambo la pili, ambalo ni zito zaidi, na Halmashauri ilitukataza kulipamba. Wako watu wanaoomba fedha ya soda ili watie sahihi fomu ya mwanafunzi. Si shilingi nyingi, husema wao. Lakini kijana mwenye kuhitaji sahihi nne na mihuri mitatu, akiombwa soda kila mlangoni, na tena nauli na fedha ya kupiga chapa, hufika dirishani akiwa ametumia fedha ambayo nyumba yao haina. Wako waliokata tamaa katika mlango wa pili. Hao hawaonekani katika hesabu yoyote, maana aliyekataliwa huandikwa, na asiyeomba hajulikani. Mwanachama wetu yeyote anayefanya hivyo ajue ya kuwa tumelisema hili mbele yake leo.

Wengine watasema, "Mbona mwasema habari ya sahihi, na shida ni fedha yenyewe haitoshi?" Ni kweli haitoshi. Elimu bila ada ilifika kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na cha sita mwaka wa masomo 2022/23; vijana wanaofika mlangoni mwa vyuo wameongezeka, na tangu mwaka wa masomo 2023/24 mikopo imefunguliwa pia kwa wanafunzi wa stashahada katika baadhi ya masomo. Wagawanao mkate wamekuwa wengi. Chama chaweza kuandika kuomba ruzuku kwa watoto wa nyumba maskini hasa, wasidaiwe wala wasipimwe kwa sayansi peke yake, na rasimu ya barua hiyo iko kwa Katibu. Twawasihi muisome kabla ya mkutano ujao, maana hatutaki kurudia habari ya mstari wa nne. Lakini kiasi cha fedha huamuliwa Dodoma. Cheti huandikwa hapa.

Basi tumefanya shauri moja dogo. Kuanzia Jumamosi ya kwanza baada ya dirisha la maombi kufunguliwa, hadi Jumamosi ya mwisho kabla halijafungwa, itawekwa meza katika chumba cha Chama, kutoka saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana. Watakaa wanachama wawili wawili kwa zamu. Kijana atakuja na vyeti vyake, navyo vitasomwa herufi kwa herufi, jina la baba kwa jina la baba, kabla havijakwenda popote. Na ikionekana tofauti, mmoja wetu atafuatana naye ofisini Jumatatu. Mwenzetu aliye kamishna wa viapo amekubali kukaa mezani bila kutoza kitu. Na kabla kijana hajatia sahihi yake mwenyewe, atasomewa fomu kwa sauti, tena kwa Kiswahili, ajue ni mkopo, na ajue 15 kwa 100 ya mshahara ni nini.

Yule karani tuliyemsema ameomba zamu ya kwanza, naye amepewa. Kidau cha wino wa muhuri kimekwisha kununuliwa; kilichobaki ni mashine ya kunakili karatasi, maana ile ya zamani hula pembe za vyeti. Anayeweza kuazima yake kwa miezi hiyo, au anayetaka kuandikwa katika zamu, ampe Katibu jina lake leo kabla ya kutoka.